Vifaa vya kumshika ng'ombe kwa mwenye kundi dogo, Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimetibu na kuhimilisha ng'ombe (kuwapandikiza mbegu bila dume) kwa miaka mingi, kwanza kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vya Kibosho na Machame, baadaye upande wa Arumeru. Maswali haya nimeulizwa bandani, mnadani, na mara nyingine kwa simu usiku wa manane, ng'ombe akiwa ameshindwa kuzaa na hakuna pa kumfunga. Nimeyajibu kwa jinsi ninavyomjibu mfugaji tukiwa tumesimama mbele ya banda lake.

Nina ng'ombe wawili tu, wote wa ndani. Kweli nahitaji kibanio?

Unahitaji mahali ambapo ng'ombe akisimama hawezi kusogea mbele, nyuma wala pembeni. Kwa ng'ombe wawili wapole, mahali hapo si lazima pawe kibanio kamili, yaani kile kichochoro chembamba cha nguzo na fito cha kumbana ng'ombe.

Kabla ya kuhesabu ng'ombe, nakuomba ufikirie jambo moja: siku ya Jumanne saa nne asubuhi, nani yuko nyumbani? Vihamba vingi ninavyovijua, jibu ni mama, au bibi na mjukuu ambaye hajaanza shule. Baba yuko kazini, vijana wako Dar es Salaam. Mhimilishaji anapofika, au ng'ombe anapovimba tumbo ghafla, mtu wa kumshika ni huyo mama. Kwa hiyo kifaa kinachohitaji wanaume watatu hakifai nyumba hiyo hata kikiwa kizuri namna gani. Majibu yangu mengi hapa chini yanatoka kwenye swali hilo.

Kwa ng'ombe mmoja hadi watatu wanaolishwa ndani, napendekeza mlango wa shingo kwenye hori lenyewe. Ng'ombe anapitisha kichwa ale, wewe unasogeza mti mmoja na kutia pini, basi ameshikwa. Ongeza vizuizi viwili vya pembeni na gogo la kupitisha nyuma ya mapaja, na una kibanio ndani ya banda bila kujenga kingine. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ng'ombe anaingiza kichwa pale kila siku kwa ajili ya majani na pumba, hivyo hana hofu napo.

Ukifikisha wanne au watano, au ukiwa na mtamba (jike ambaye hajazaa) uliyemtoa mnadani ambaye hajazoea mikono ya watu, jenga kibanio cha ng'ombe mmoja kinachojitegemea. Wakizidi kumi, soma jibu la mwenye ng'ombe wa Kisongo huko chini.

Baba alikuwa akimfunga kwenye mti na mambo yalikwenda. Kwa nini mimi nigharamike?

Baba yako alikuwa na ndugu na majirani wa kuita, na huenda ng'ombe wake alikuwa wa asili, mwenye uzito wa kilo mia mbili na kitu. Chotara wa Frizian aliyekomaa anafika kilo 400 na kupita. Ni mnyama mwingine kabisa ukiwa umeshika kamba yake.

Kidole changu cha pete cha mkono wa kushoto hakikunji hadi leo. Nilikuwa nimemfunga mtamba kwenye mgrevilea ulio kando ya banda, nikazungusha kamba shinani mara moja, kisha mkia wa kamba nikauzungusha kiganjani ili nipate nguvu. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi. Sindano ilipogusa ngozi, mtamba aliruka nyuma. Kamba ilikaza kuelekea mtini ikauvuta mkono wangu nayo, na kidole kikabaki kati ya kamba na gome. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Mama mwenye ng'ombe alikata kamba kwa panga la kukatia majani, na bila ujasiri wake ningepoteza vidole zaidi.

Tangu siku hiyo sizungushi kamba mkononi na simruhusu mtu yeyote kufanya hivyo mbele yangu. Mti pia una shida nyingine: unashika kichwa tu. Sehemu ya nyuma inabaki huru, na ng'ombe anazunguka kama mkono wa saa, na aliye karibu naye anakanyagwa au kubanwa.

Kibanio cha ng'ombe mmoja kiwe na vipimo gani?

Hili ndilo swali ambalo watu hulikosea kwa wema. Wanafikiri nafasi kubwa ni huruma kwa mnyama. Niliwahi kuitwa kwenye kibanio kipya cha chuma, kimepakwa rangi nzuri ya kijani, upana wa ndani sentimita 90. Mtamba aliingia, akageuka, akatutazama. Mwenye mali alikuwa amelipa fedha nyingi na kifaa hakikuwa na kazi hadi kilipopunguzwa.

Kwa machotara tulionao huku, upana wa ndani uwe sentimita 65 hadi 70. Kwa Frizian wakubwa walionenepa nenda hadi 75. Kwa ng'ombe wa asili, 60 inatosha. Ukiwa na mchanganyiko wa wakubwa na wadogo, jenga kwa mkubwa, kisha andaa ubao mnene wa kuning'iniza upande mmoja pale anapoingia mdogo. Njia nyingine ni kuta zilizolala kidogo: chini sentimita 45, juu 70. Mnyama mdogo hana pa kugeukia miguu, na mkubwa anapata nafasi ya tumbo.

Urefu wa kwenda juu uwe mita moja na nusu hadi 1.6 kutoka sakafuni. Mita mbili za urefu wa ndani zinatosha ng'ombe mmoja na nafasi ya kufungia gogo la nyuma. Nguzo nane, nne kila upande, ziwe na futi nane, na sehemu ya sentimita 75 iende ardhini. Usikubali fundi azike sentimita 40 kwa sababu amekutana na jiwe. Mlimani mawe ni mengi, lakini kibanio kinang'olewa na mnyama anayesukuma kutoka ndani, na nguzo fupi hulegea msimu wa kwanza wa masika.

Fito za pembeni ziwe nne kila upande. Zifungwe upande wa ndani wa nguzo, ili ng'ombe akisukuma azikandamize kwenye nguzo badala ya kuzing'oa misumari. Acha pengo ambalo mkono unapita kufika shingoni kwa sindano na ubavuni kwa kupima. Ile fito ya chini karibu na kiwele iwe ya kutoa na kurudisha, kwa sababu utahitaji kufika kwenye chuchu na kwenye mguu.

Gogo la nyuma likae kimo cha sentimita 75 hadi 80, chini kidogo ya makalio. Hili ni la lazima. Mhimilishaji anasimama nyuma ya ng'ombe akiwa ameingiza mkono hadi kiwiko, na ng'ombe akirudi nyuma ghafla ni mkono huo unaovunjika. Liweke kwenye tundu za chuma ili lichomoke kwa kuvutwa pembeni. Kama kuna ng'ombe wengine nyuma, weka geti dogo la kumkinga mtaalamu.

Mlango wa shingo uwe na miti iliyonyooka au iliyopinda?

Iliyonyooka. Iliyopinda kufuata shingo hushika kichwa imara zaidi, na mashamba makubwa huipenda. Lakini ng'ombe akipiga magoti ndani yake, ile sehemu iliyopinda inambana koo na anaweza kukosa hewa kabla hujapata pini. Kwenye miti iliyonyooka anashuka nayo hadi chini shingo ikiwa huru.

Mti mmoja usimame bila kusogea, mwingine uzunguke kwenye boliti chini na kufungwa juu kwa pini. Ukifungwa, nafasi ya shingo iwe sentimita 15 hadi 20 kulingana na unene wa ng'ombe wako. Toboa matundu matatu au manne ya pini ili urekebishe. Jaribu kumfungua kwa mkono mmoja huku mwingine ukisukuma mti, kama mnyama anavyousukuma. Ukishindwa wewe, mama atashindwa pia, na hapo pini ibadilishwe.

Pembe ndefu hukwama hapa. Ndama wako mpya achomwe vichipukizi vya pembe kabla ya miezi miwili, na mtaalamu, kwa ganzi. Itakupunguzia taabu ya miaka kumi.

Mbao au chuma?

Kwa kibanio kimoja nyumbani nachagua miti, na nasema hivyo nikijua wauza mabomba hawatafurahi. Mkaratusi uliokomaa, wenye unene wa sentimita 12 hadi 15, unahimili ng'ombe yeyote wa huku, na fito zake unabadilisha mwenyewe. Mti hunyonya kishindo. Chuma hupiga kelele, na kelele ya chuma kwa chuma ni mojawapo ya vitu vinavyomtia ng'ombe wazimu. Ukiwa na chuma, zungushia mpira wa tairi kuukuu sehemu zote geti linapogonga.

Adui wa mti ni mchwa na unyevu. Gome livuliwe, mti ukauke vizuri, kisha chini uchomwe moto hadi uso uwe mweusi, hasa pale mti unapokutana na udongo, maana ndipo unapoozea. Wengi hupaka oili chafu ya gari. Nakusihi usipake juu ya ardhi. Ng'ombe hulamba kila kitu, na oili iliyotumika ina sumu zinazoweza kumuua. Kama lazima uitumie, iishie kwenye sehemu inayozikwa.

Chuma kina nafasi yake. Mlango wa shingo, bawaba, tundu za gogo la nyuma, hivyo nafanya vya chuma kila mara. Na kama kibanio ni cha kijiji chenye ng'ombe wanaopita kwa mamia wakati wa chanjo, jengeni chote kwa bomba la inchi mbili na zege. Tumia boliti badala ya misumari popote unapoweza. Msumari uliochomoza sentimita moja unachana ubavu, na kidonda hicho ndicho nzi na funza wanachokitafuta. Baada ya ujenzi, pitisha kiganja chako ndani pote, taratibu, kimo cha ubavu hadi kimo cha jicho. Kinachokukwaruza wewe kitamchana yeye.

Sakafu ina umuhimu gani? Naweza kuacha udongo?

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kati ya kuta nzuri na sakafu nzuri, weka sakafu. Ng'ombe anayeteleza haamini mahali hapo tena. Udongo wetu mwekundu wa mlimani mwezi wa nne ni kama sabuni, na ng'ombe akipanua miguu ya nyuma kwenye utelezi anaweza kuchanika misuli ya nyonga asiinuke tena.

Panga mawe, shindilia, mwaga zege, na kabla halijakauka chora mifereji yenye kina cha sentimita moja, kila baada ya sentimita kumi, ikipishana kama nyavu. Usilisawazishe kwa mwiko hadi ling'ae. Ipe sakafu mteremko mdogo kuelekea shimo la samadi, kamwe si kuelekea kwenye mfongo, ule mfereji wa umwagiliaji, kwa sababu maji yale yananyweshewa kahawa na mboga za jirani chini yako.

Nikiweke wapi?

Karibu na banda, mahali ng'ombe anapopita kila siku. Asiingie akitazama jua la asubuhi au la jioni, wala asitoke kwenye mwanga mkali kuingia gizani.

Kuna jambo la vihamba ambalo hutalikuta kwenye michoro ya mashamba ya tambarare. Simama pale unapotaka kujenga, saa tano asubuhi, siku yenye upepo kidogo. Tazama chini. Kivuli cha jani la mgomba lililochanika kinacheza ardhini, mistari ya mwanga na giza ikienda na kurudi. Wewe huoni kitu. Ng'ombe anaona shimo linalosogea. Nimewaona watu wakimchapa ng'ombe dakika ishirini mlangoni mwa kibanio, na alichokikataa ni kivuli cha jani. Tulikata majani mawili akaingia mwenyewe.

Ng'ombe wangu anakataa kuingia. Nifanye nini kabla ya kuchukua fimbo?

Inama hadi kimo cha kichwa chake utazame anachokiona. Shuka imening'inia kwenye uzio, ndoo nyeupe, mnyororo unaoyumba, kuku amelala ndani. Kiondoe.

Kisha angalia unaposimama. Ng'ombe anaona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo nyuma kabisa ya mkia. Ukijificha hapo anageuka kukutafuta, na unalalamika kwamba ni mkaidi. Simama ubavuni, nyuma kidogo ya bega, naye ataenda mbele. Ukipita mbele ya bega anarudi nyuma. Ukisogea karibu anaanza kutembea, ukirudi hatua moja anatulia. Wachungaji wa Kimaasai wa Monduli wanafanya haya bila kuyataja, kwa mluzi na sauti ya chini, na ng'ombe wao wanapita kwenye josho kwa utulivu ambao wengi wetu wa mlimani hatuna.

Dawa ya kudumu ni mazoezi. Wiki nzima mpitishe kwenye kibanio, mpe pumba kidogo mbele, mwachie. Siku ya nane funga shingo dakika mbili bila kumfanya lolote. Ng'ombe ambaye kila akiingia anachomwa sindano anahesabu vizuri kuliko tunavyodhani.

Usimpindishe mkia hadi ulie. Umewahi kuona mkia uliopinda kona? Huo ulivunjwa na mtu aliyekuwa na haraka. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa.

Kamba gani ninunue, na ninunue ngapi?

Katani, unene wa nusu inchi, vipande viwili vya mita nne na kimoja cha mita kumi hadi kumi na mbili. Nailoni ina nguvu lakini inateleza kwenye fundo na kuunguza viganja ikivutwa. Kila wiki ikague, kwa sababu mkojo huozesha katani kutoka ndani.

Vipande vifupi ni vya hatamu, kamba ya kichwani inayopita juu ya pua na nyuma ya masikio. Ifungwe ili sehemu ya kuvuta itoke chini ya taya ya upande wa kushoto, na ile ya puani ikae katikati ya jicho na pua, kwenye mfupa. Ikishuka hadi kwenye nyama laini inaziba pumzi. Usimfunge ng'ombe kwa kitanzi cha kukaza shingoni, hata dakika tano. Nimeona mtamba mzuri wa mimba ya miezi saba amekufa hivyo, alipoteleza kwenye mteremko nyuma ya banda, na wenye mali walikuwa wamekwenda kanisani.

Unapomfunga kwenye nguzo tumia fundo la kuvuta, lile linalofunguka kwa kuvuta mkia wa kamba mara moja. Mfundishe kila mtu wa nyumbani, watoto wakiwemo.

Ile ndefu ni ya kumlaza. Unaifunga shingoni kwa fundo lisilokaza, unazungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha tumboni mbele ya kiwele, halafu unavuta nyuma taratibu hadi anakunja magoti. Fanya hivyo pale tu kibanio hakitoshi, juu ya nyasi nyingi, na si kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa. Akishalala mkalishe kifua kikiwa chini, kwani akikaa sana ubavuni gesi haitoki tumboni.

Koleo ya pua ni ukatili?

Koleo hii hubana ukuta wa katikati ya pua. Ikitumika dakika moja au mbili, na mtu ameishika mkononi, ni msaada wa kweli hasa kwa kuangalia mdomo au jicho. Ncha zake ziwe mviringo na zisikutane kabisa, libaki pengo dogo ili ukuta wa pua usikatike. Kumfunga ng'ombe kwenye nguzo kwa koleo na kuondoka, hapana kabisa. Akishtuka atajichana pua.

Pete ya pua ni ya dume. Na kwa ng'ombe watatu sioni sababu ya kufuga dume, wakati mbegu zinatoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji hapo Usa River na wahimilishaji wanafika vijijini. Dume aliyekuwa mpole jana ndiye anayeua watu, kwa sababu hakuna anayejihadhari naye.

Anapiga teke wakati wa kukamua. Nimnunulie chuma cha kuzuia teke?

Kwanza tafuta maumivu. Kamua maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi uone kama yana mabonge. Gusa kiwele, kama kina joto au ugumu. Tazama chuchu kama zimepasuka. Tazama kucha zako. Wengi wanaopiga teke wanaumwa, na kuwafunga ni kuwanyamazisha tu.

Akiwa mzima, chuma kile kinachobana kwenye mkunjo wa ubavu mbele ya nyonga hufanya kazi, na kamba iliyofungwa tumboni mbele ya kiwele hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama. Usiikaze hadi izame kwenye ngozi. Ng'ombe aliyetiwa hofu hashushi maziwa. Homoni ya woga huzuia ile inayoyashusha, na utamaliza ukiwa na lita mbili chini na ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa.

Nina ng'ombe kumi na watano wa asili na machotara upande wa Kisongo. Kibanio cha mmoja kinatosha?

Kwa matibabu, ndiyo. Kwa chanjo na kunyunyizia dawa ya kupe, utashinda kutwa. Jenga kishoroba chenye urefu wa mita tano hadi sita kinachobeba watatu au wanne kwa foleni, kikiishia kwenye mlango wa shingo. Upana ni ule ule. Mdomo wake upanuke kuelekea zizi dogo la kusubiria, na ukuta mmoja wa mdomo huo uendelee moja kwa moja na ukuta wa kishoroba. Ukipanua pande zote mbili kama faneli, wanakwama wawili wawili mlangoni.

Zizi la kusubiria hesabu mita mraba mbili kwa kila mkubwa. Acha pengo la sentimita 35 kwenye kona mbili ili mtu apenye kutoka akifukuzwa. Ng'ombe mkubwa hapiti hapo. Kwenye tambarare upepo wa Kisongo hubeba vumbi na mifuko ya plastiki, kwa hiyo kuta za kishoroba nazipenda ziwe zimezibwa kwa mbao au hata mabati ya zamani yaliyokunjwa ncha, ng'ombe aone mbele tu.

Na kupakia gari?

Chimba au tafuta kingo ya ardhi, gari lirudi nyuma hadi liguse. Mlimani kingo hizo ziko kila mahali na ni bora kuliko ngazi yoyote ya mbao. Ukilazimika kujenga, kila mita moja ya kimo ipewe mita tatu za urefu, na vipande vya mbao vya kukanyagia kila baada ya sentimita 20. Pima gari unalotumia, kwa sababu Canter na Fuso hazilingani kimo. Kuta za pembeni zifike juu, pasiwe na pengo kati ya ngazi na gari. Mguu ukiingia pale unavunjika na safari ya mnada inaishia buchani.

Kukata kwato kunahitaji kifaa gani?

Ng'ombe wa ndani hatembei vya kutosha kusaga kwato, kwa hiyo wewe ndiye wa kuzipunguza, walau mara mbili kwa mwaka. Kibanio chako kiwe na mti wa mviringo juu, kimo cha mgongo, wa kupitishia kamba ya kuinua mguu wa nyuma. Mviringo, kwa sababu kamba kwenye ncha kali haishuki ukiiachia. Mkanda mpana, wa gunia lililokunjwa mara nne, upite chini ya kifua asije akajiachia mzima.

Vidonda vya kwato vikiwa vingi bandani, weka beseni la zege mlangoni mwa kibanio lenye mrututu (kopa salfeti), kilo tano kwa lita mia za maji. Mwenye kahawa anaujua mrututu. Asisahau tu kwamba kondoo hawauvumilii, wasinywe maji yale.

Mizani ni lazima?

Hapana. Nunua tepu ya kuzungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele. Ng'ombe asimame kichwa mbele, miguu sawa, ndiyo maana inasomeka vizuri kwenye kibanio. Tepu iliyotengenezwa kwa Frizian itakudanganya kwa ng'ombe wa asili, kwa hiyo soma ilivyoandikwa. Faida yake ni kipimo cha dawa ya minyoo: kukisia kwa macho huwapunguzia dozi wakubwa, na minyoo inazoea dawa.

Unapomnywesha dawa hiyo, tumia chupa ya plastiki yenye shingo ndefu, upitishe pembeni mwa mdomo, na kichwa kisipande juu ya usawa wa mgongo. Kichwa kikiinuliwa juu dawa huingia kwenye mapafu.

Sisi majirani watano tuna ng'ombe wawili wawili. Tunaweza kuchangia kibanio kimoja?

Mnaweza, na kwa chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ni mpango mzuri sana. Chanjo hiyo husafirishwa ndani ya naitrojeni baridi, na ikishayeyushwa ni lazima itumike ndani ya saa chache, kwa hiyo mtaalamu hupenda kukuta ng'ombe wengi mahali pamoja. Inachomwa karibu na sikio, pamoja na sindano ya antibayotiki kwenye msuli, na ng'ombe akitikisa kichwa dozi inamwagika. Mlango wa shingo wa pamoja unalipa gharama yake siku hiyo.

Lakini kila nyumba ibaki na mlango wa shingo kwenye hori lake, kwa sababu ng'ombe anayeshindwa kuzaa saa nane usiku hawezi kupandishwa kilima kwenda kwa jirani. Na kibanio cha pamoja kina hatari ya kupitisha maradhi. Ukisikia ugonjwa wa miguu na midomo au mapele ngozi umefika kata ya jirani, kifungeni hadi afisa mifugo aseme. Kila baada ya kutumika, ondoeni samadi, osheni kwa maji na sabuni hadi mbao zionekane, ndipo mnyunyize dawa ya kuua vijidudu. Ikipuliziwa juu ya mavi haifanyi kazi. Ng'ombe anayeharisha au aliyetupa mimba atibiwe kwake, na kamba iliyomshika isirudi kibanioni. Ufunguo wa geti akae nao yule anayeshinda nyumbani.